Maua Niliyopanda Mpakani

Mwezi uliopita nilisimama pale Kiogoro, karibu na Kisii, kwenye kitalu cha miche kando ya barabara, nikitafuta parachichi. Mama mwenye kitalu alinitazama viatu kwanza, akaamua kwamba mimi ni mtu wa maua. Akanishika mkono, akanipitisha nyuma ya safu za mikaratusi hadi kwenye mifuko myeusi iliyopangwa vizuri, akaniinulia mmoja wenye vishada vya maua madogo, njano katikati na waridi pembeni.

"Madam, hii ndiyo ya fensi. Inatoa maua mwaka mzima. Haitaki mbolea, haitaki maji, na ng'ombe hawaigusi."

"Hufa?"

"Hii?" Alicheka, akaniwekea mfuko mikononi. "Hii utakufa uiache."

Sikuhitaji kuambiwa. Nilisugua jani moja kwa vidole, jani la kukwaruza kama ulimi wa paka, na ile harufu ikanipanda puani. Chuo kikuu nilifundishwa kuuita mmea huu lantana. Niliandika kwenye karatasi ya mtihani, kwa Kiingereza kilichonyooka, jinsi ulivyotolewa Amerika ukiwa pambo la bustani, ukatoroka bustanini na kula malisho ya nchi za watu. Nilipata alama nzuri sana. Sikuandika popote kwamba kwenye kilima kimoja juu ya Keroka, aliyeutorosha ni mimi. Mtaalamu atasema ndege wangeuleta hata hivyo. Namshukuru kwa huruma yake, lakini mimi nilikuwepo.

Wewe uliyekulia kwenye ardhi pana huenda usielewe jambo hili haraka, kwa hivyo niache nikuonyeshe shamba la nyanya yangu, mama wa mama yangu. Lilianzia barabarani juu, likateremka hadi mtoni kama shuka lililoanikwa, refu na jembamba. Juu palikuwa na nyumba ya mabati na jikoni lenye moshi. Chini yake migomba, chini ya migomba chai, kisha wimbi, yaani ulezi, kisha viazi vitamu, na mwisho nyasi za ng'ombe zilizolowesha miguu yake majini. Hapakuwa na mahali pa kutupa jiwe. Ukidondosha mbegu ya boga asubuhi, kufikia jioni mtu ameshauliza ni ya nani. Mvua ilinyesha kila siku baada ya saa nane, ikipiga mabati mpaka nyanya akawa anazungumza kwa mikono, na kutoka barabara kuu tulisikia malori yakibadilisha gia kupanda kuelekea Kericho.

Mahali pamoja tu palikuwa wazi. Kati ya shamba la nyanya na la jirani yake, kutoka barabarani hadi mtoni, palipita ukanda wa nyasi fupi, upana wa hatua moja ya mtu mzima. Hakuna aliyeulima. Hakuna aliyefunga mbuzi pale. Wanawake waliupitia wakienda mtoni, basi. Nyanya alikuwa na msemo wake: "Mpaka haulimwi, unapitiwa." Maana yake niliielewa baadaye sana. Kitu chenye uhai ukikipanda mpakani, umesema shamba lako linafika hapo. Na ukikikuta kimepandwa ukaking'oa, umesema mwenzako hajawahi kufika hapo. Yote mawili ni maneno mazito, na kwetu watu wamepelekana kortini hadi wajukuu kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Mimi sheria hiyo sikuijua kwa sababu sikuzaliwa pale. Nililetwa nikiwa na miaka saba, na sanduku la bati lenye nguo mbili, mama yangu akiwa kibaruani Nakuru. Nilikuwa mtoto wa binti. Watoto wa mjomba walinitembeza shambani siku ya kwanza, wakinionyesha mali. Hii migomba itakuwa yangu, akasema mmoja. Chai ile mpaka kwenye jiwe itakuwa ya ndugu yangu. Nikauliza yangu iko wapi. "Wewe utaolewa," wakanijibu wote wawili, bila ubaya wowote, kama unavyomwambia mgeni kwamba mvua hunyesha saa nane.

Jirani alikuwa mjane kama nyanya. Nyanya alikuwa Msabato, jirani Mkatoliki, na nimeishi sana lakini sijaona madhehebu mawili yakipatana vile. Jumamosi nyanya akiwa kanisani, jirani alimlishia ng'ombe wetu majani na kumpa maji. Jumapili jirani akiwa misani, nyanya alimlishia wake. Kati yao wawili Mungu hakuwahi kukosa mtu, wala ng'ombe kukosa majani.

Pamoja na wanawake wengine watano walikuwa na egesangio, kikundi cha kulimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Zamu ikifika kwetu niliamka nikisikia majembe yakigongana uani na jirani akimtania kila anayefika. Nyanya alipiga mistari iliyonyooka hadi wenzake wakasema amezaliwa na kamba. Jirani alipiga mistari iliyopinda na hadithi zilizonyooka. Saa sita walikaa chini ya migomba na kula ugali wa wimbi, mweusi na mzito, kwa chinsaga, mboga ya majani iliyolazwa kwenye maziwa ili uchungu upungue. Nilinawisha mikono yao na kusubiri kikombe changu cha maziwa ya mgando. Bado nikinusa udongo mwekundu uliogeuzwa asubuhi, njaa huniuma.

Sasa mwalimu. Mwalimu wetu wa darasa la nne alitoka upande wa ziwa na hakujua Ekegusii hata cha kununulia ndizi. Kwa hivyo tulilazimika kumsemesha Kiswahili, na hicho ninachokitumia hapa ni chake, pamoja na makosa yake machache na yangu mengi. Mbele ya nyumba yake ya shule alikuwa na ua wa mimea ya maua, ukilipuka njano na waridi. Kwetu watu walipanda vitu vya kuliwa. Mimea iliyofanya kazi ya kupendeza tu, bila kuliwa wala kuchomwa, niliiona kwake kwa mara ya kwanza, na nilishangaa kama mtu aliyeona ng'ombe amevaa kofia.

Siku moja nilisoma ukurasa mzima bila kukwama. Wengine waliosoma vizuri walipewa penseli. Mimi, kwa kuwa alikuwa ameniona nikiganda mbele ya maua yake kila jioni, alinikatia vijiti vitano, akavifunga kwa gazeti lililoloweshwa. "Kapande nyumbani," akasema. "Mama yako atafurahi." Sikumwambia kwamba nilikuwa na nyanya.

Nilifika nyumbani na vijiti vyangu, nikatafuta mahali pa kupanda. Kando ya jikoni palikuwa na maboga ya nyanya. Nyuma ya choo palikuwa na ndizi za mjomba. Chini ya mparachichi palilala ndama. Nilizunguka shamba zima nikiwa na zawadi ya kwanza maishani mwangu na sikupata hata shubiri moja isiyo na mwenyewe. Kisha nikauona ule ukanda wa nyasi. Mzuri, mtupu, hauna mtu. Nilishangaa kwamba watu wazima na akili zao zote hawakuwahi kuuona.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Nyanya alikuwa akipika chakula cha Sabato kabla jua halijatua, na jirani alikuwa sokoni. Nilivipanda vyote vitano kwa ncha ya panga, nikipima nafasi kwa nyayo zangu, nikavimwagia maji kwa kikombe. Sikumwambia mtu. Nilitaka siku moja nyanya atoke na kikapu chake cha chai akute maua, aseme, "Nani kapendezesha hapa?" na mimi nijitokeze kwa unyenyekevu.

Vilishika vyote. Nilikuwepo siku nyanya alipoviona. Alisimama, akavihesabu kwa kidevu, akatazama nyumba ya jirani kwa muda, akaendelea na safari yake. Kesho yake jirani alisimama palepale, akatazama nyumba yetu, akaenda mtoni. Nilidhani wote wawili wamepigwa bumbuwazi na uzuri.

Nilisubiri sifa hizo kwa miezi. Badala yake, zamu ya egesangio ilipofika kwa jirani, nyanya alianza kulima upande wa mbali. Vicheko vya jirani vilihamia kwa wengine. Kisha Jumamosi moja tulirudi kutoka kanisani tukamkuta ng'ombe wetu akilia kwa kiu. Nyanya alichota maji mwenyewe akiwa na nguo za kanisani. Usemi ulitoka jioni hiyo, tukiwa tumekaa jikoni na ndizi za kuchemsha, mjomba alipouliza kama aende akate vile vichaka.

"Usiguse," nyanya akasema. "Ukigusa, kesi umeianza wewe. Aliyepanda atang'oa mwenyewe."

"Sasa tutakaa tukiangalia?"

"Tutakaa. Mimi na yeye tumezika waume mwaka mmoja. Mtu akitaka hatua moja ya shamba langu si aniombe? Lakini kunipandia maua kama mtoto..."

Nilikuwa na ndizi mdomoni. Ilikaa hapo muda mrefu. Ningeweza kusema wakati huo, na huenda sasa hivi nisingekuwa na cha kukuhadithia. Lakini nilikuwa mtoto wa binti, nikila chakula cha shamba ambalo halikuwa langu, na nilikuwa nimeliharibu. Niliamini nikifungua mdomo sanduku la bati litatolewa chini ya kitanda. Nikameza ndizi.

Hivyo ndivyo maua ya mwalimu yalivyositawi: kwa adabu. Kila upande uliamini ni ya upande wa pili, na kila upande ulikuwa na heshima ya kutoyagusa. Mmea gani mwingine umewahi kupewa walinzi wawili wa namna hiyo? Baada ya mvua mbili vichaka vilinipita kimo, vikaungana, vikawa na vimiiba vilivyokwaruza wanawake waliokwenda mtoni. Vilitoa vijitunda vyeusi vya kung'aa, nasi watoto tulivila hadi ndimi zikawa zambarau. Ndege nao walikula, wakaenda kunya kwenye chai. Machipukizi yalianza kutokea katikati ya mistari iliyonyooka ya nyanya, akawa anayang'oa huko kimya kimya, maana huko ni kwake.

Kisha kikaja kiangazi kimoja kirefu, kitu kigeni kwetu. Nyasi ziligeuka kahawia. Jirani alikuwa na mtamba wa gredi, ng'ombe wa kizungu, mweusi mwenye madoa meupe, aliyemlea kwa chupa na kumsemesha kama mkwe. Kwa kukosa majani alimfunga karibu na mpaka, na mtamba, kwa kukosa kingine, akala kilichokuwa kibichi. Siku chache baadaye alikataa kutoka kivulini kwenda juani isipokuwa kwa kusukumwa, kisha akakataa kutoka kivulini kabisa. Macho yakawa ya njano. Ngozi ya yale madoa meupe ikaanza kubambuka kama ya kiazi kilichochemshwa. Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki, akamchoma sindano, akasema, "Amekula kitu kibaya," akaondoka. Alimaanisha jani. Lakini alituachia neno "kitu," na kwetu hilo ni neno la hatari.

Jumatano iliyofuata nilipanga foleni kwenye mashine ya kusaga unga, debe langu la mahindi kichwani. Mbele yangu walikuwa wanawake wawili.

"Ni yule mong'ina Msabato. Ameweka dawa mpakani."

"Nilishangaa. Kichaka gani kinakaa miaka miwili watu wanakiogopa kukikata?"

"Ameanza na mtamba. Wewe ngoja uone atafuata nani."

Waligeuka, wakaniona. Mmoja akaniuliza kwa sauti tamu kama shule imefungwa.

Nitasema hili wazi, kwa kuwa si la kutania. Mong'ina ni neno letu la heshima kwa mwanamke mzee, lakini heshima hiyo haikuwahi kumlinda yeyote dhidi ya neno "dawa." Nilikuwa nimesikia habari za mong'ina wa kilima cha pili aliyechomewa nyumba akiwa ndani. Kila mtoto alikuwa amezisikia. Nyanya naye alijua kilichokuwa kikisemwa. Wiki hiyo hakwenda kwenye egesangio, na hakuna aliyekuja kumwuliza kwa nini. Mjomba alihamishia kitanda chake nyumbani kwa mama yake bila kutoa sababu. Nyanya aliendelea kuchuma chai, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, lakini mistari ya uso wake ilikuwa imepinda.

Jumapili nilikwenda kwa jirani. Alikuwa ametoka misa ya kwanza, amekaa mlangoni akipepeta wimbi, kanga ya kanisani ingali kiunoni. Nilisimama mbele yake nikayatoa yote kwa pumzi moja, kama nilivyosoma ule ukurasa.

Hakuacha kupepeta. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Nyanya yako amekufundisha vizuri."

"Hajui. Ni maua ya mwalimu. Nilipewa kwa kusoma."

"Mtu anapewa miiba kwa kusoma?"

"Wengine walipewa penseli."

Hapo ungo ulisimama. "Na kwa nini ukapanda mpakani, shamba lote hili?"

"Ndipo palipokuwa hapana kitu."

Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Hapana kitu," akasema. "Katikati ya mlango pia hapana kitu. Utapanda viazi hapo?"

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie kiasi, kisha uso wake ukabadilika, akawa mtu anayepiga hesabu.

"Sasa mimi nimekuamini. Lakini wale wa mashine ya kusaga? Nikiwaambia, watasema nimeogopa dawa. Nyanya yako akiking'oa, watasema anaficha ushahidi. Mimi nikiking'oa, kesho wanangu watasema mpaka ni wao." Akanitazama mikono. "Wewe una shamba hapa?"

"Sina."

"Utapewa?"

"Nitaolewa."

"Basi kwenye kilima hiki ni wewe peke yako ambaye mkono wako hausemi chochote. Kalete jembe. Misa ya pili inatoka saa sita, na njia yao ni hii. Nataka wapite wakuone."

Nilimkuta nyanya kwenye chai, maana Jumapili kwake ilikuwa siku ya kazi. Nikamwambia. Aliteremsha kikapu mgongoni polepole.

"Darasa la ngapi ulipanda?"

"La nne."

"Miaka miwili unakula ugali wangu na hiyo tumboni?"

Nikasubiri aseme kuhusu sanduku. Akaingia nyumbani, akatoka na jembe lake mwenyewe, lile jembamba ambalo hakumwazima mtu, na kipande cha gunia. Alinifunga mikono kwa gunia hilo, akikaza fundo kwa meno. "Sitakuchapa," akasema. "Hiyo miiba itakuchapa." Kisha akatangulia.

Walisimama, nyanya upande wake na jirani upande wake, vidole vya miguu kwenye ukingo wa nyasi bila kuukanyaga. Nilikuwa katikati nikilima. Watu wa misa ya pili walianza kufika na kusimama juu ya njia, rozari mikononi. Jembe ndilo lililosema kwanza.

"Mtoto," jirani akaniambia, "usikate shina. Ukikata litachipua matatu. Fuata mzizi."

"Mtoto," nyanya akasema, "mwambie anayesema hivyo kwamba mizizi nimeijua kabla yake."

"Mwambie basi jembe lake halina makali."

"Makali yake yalibaki kwenye shamba lake yeye," nyanya akasema, na sasa hakuwa akinitazama mimi, "msimu uliopita, nikinyoosha mistari yake iliyopinda."

Juu ya njia mtu alicheka. Jirani alifunika mdomo. "Mong'ina," akasema, moja kwa moja, mara ya kwanza baada ya miaka miwili, "mistari yangu hupinda kwa sababu inakutazama wewe." Na nyanya, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mbele ya Wakatoliki wengi kiasi hicho, akacheka.

Mmoja wa wale wanawake wa foleni ya unga alikuwepo. Alijipenyeza mbele, akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kurudi nyumbani mikono mitupu, "Sasa hiyo dawa iko wapi?"

"Dawa ndiyo hii," jirani akasema, akinielekezea ungo aliokuwa bado ameushika. "Imevaa sketi ya shule. Ilipewa maua na mwalimu, ikakosa pa kupanda. Kama una swali, kamwulize mwalimu, lakini umwulize kwa Kiswahili."

Vichaka vitano vilitoka saa nane na mvua, mvua ya kwanza baada ya kile kiangazi. Mikono yangu ilivimba licha ya gunia lake. Jioni nyanya alinipaka samli, jirani akaleta uji, wakaunywa pamoja jikoni wakinijadili kama sipo. Sitakudanganya kwamba uvumi ulikufa siku hiyo. Lakini watu walikuwa wameona mzizi wake, na ukiona mzizi wa kitu ni vigumu kukiogopa kwa bidii ileile. Mtamba alipona, akabaki na pua yenye kovu, akazaa. Jumamosi iliyofuata tulirudi kutoka kanisani tukamkuta ng'ombe wetu amelala akicheua.

Maua yenyewe hayakujua kwamba yameshindwa. Mvua zilipotulia, mpaka mzima ulichipua, mamia ya vijani vya kukwaruza, na nikaitwa tena. Na likizo iliyofuata tena. Nilikuja kutoka sekondari nikang'oa. Nilikuja kutoka chuo kikuu, nikiwa na shahada na miwani, nikatoa maelezo marefu kuhusu mbegu na ndege, wakanisikiliza kwa heshima wakiegemea majembe yao, kisha jirani akasema, "Vizuri. Sasa inama." Walikuwa wamenipa jina, Asiye na Shamba, na waliliita kwa sauti kutoka upande huu hadi upande ule nikitokea barabarani. Nimepewa vyeo vingine maishani. Hakuna nilichokitumikia kwa uaminifu zaidi.

Nyanya alikufa, na jirani akamfuata kabla ya mvua mbili. Shamba liligawanywa, kisha migawo ikagawanywa. Wimbi halilimwi tena pale, ugali wa wimbi ninaukuta hotelini Kisii, umeandikwa kwenye menyu kama kitu cha wagonjwa wa sukari. Egesangio imekwisha, watu wanaajiri vibarua. Ule ukanda wa nyasi ulikuwa wa kwanza kuliwa. Mpimaji alikuja na vyombo vyake, akazika mawe ya saruji, na tangu hapo kila mtu analima hadi jembe lake ligonge la mwenzake, pakiwa na waya katikati.

Na mwaka jana mjomba, mzee sasa, alituita. Sheria imebadilika, binti naye anarithi, akasema, na hata isingebadilika yeye amechoka kuona aibu. Sehemu ya mama yangu ikatolewa, na mama akaandikisha jina langu. Ni kipande chembamba, migomba michache na mistari arobaini ya chai. Nilipopewa hati mwaka huu niliipiga picha, nikawatumia hata watu ninaodaiana nao salamu.

Wiki iliyofuata nilitembea kwenye mpaka wangu. Chini ya nguzo ya waya palikuwa na kichipukizi, majani manne ya kukwaruza. Niliinama bila kufikiri, mkono ukaenda wenyewe, kisha ukasimama hewani. Upande wa pili, mke wa mjukuu wa jirani alikuwa akichuma chai. Vidole vyake vilikuwa vimesimama pia. Alikuwa akiutazama mkono wangu.

Nikanyooka, nikamsalimu, nikamwambia kwamba mmea huu ni mbaya na ni heri tuung'oe pamoja, yeye na mimi, sasa hivi.

"Mimi mambo ya mpaka siyajui, mama," akasema kwa upole. "Ngoja nimpigie mwenyewe." Mume wake yuko Nairobi. Alizungumza naye kwa muda, akinipa mgongo, kisha akarudi. "Anasema usiguswe mpaka aje Krismasi."

Niliangalia huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu. Binti yao wa miaka minane alikuwa amekaa kwenye kikapu kitupu, akitafuna muwa. Nikamwuliza mama yake kama huyo hawezi kuung'oa, mtoto tu, mkono wa mtoto hauna maneno.

"Huyu?" Alicheka kwa fahari. "Huyu baba yake ameshamwonyesha kipande chake. Huanzia hapo kwenye nguzo."

Mtoto aliinua muwa akanionyesha mahali kinapoanzia, ili nisikosee. Nilikitazama kipande chake, nikakitazama changu. Nilitaka kusikitika na sikuweza, nilijaribu kweli. Nilimwuliza anasoma darasa la ngapi, akaniambia la tatu. Kisha sote watatu, kila mtu kwake, tukabaki tukikitazama kile kichipukizi, ambacho kufikia Krismasi kitakuwa na maua.